Nitavaa Nini Mbele ya Mkwe Wangu Kisiwani

Yaya wangu mpenzi Mwamini,

Ninakusalimia kwa jina la Yesu, wewe dada yangu mkubwa uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Goti lako linaendeleaje? Na mama yetu je, bado anakataa kulala kitandani akisema godoro linammeza? Salamu zake uzitoe kwanza, kabla ya za wote. Nisalimie kaka Byamungu na mkewe, uniambie kama jicho lake limepona. Nisalimie mjane wa marehemu kaka yetu na watoto wake, nasikia yule mkubwa ameanza kunyoa ndevu. Baba mdogo anayeuza mawese, mwambie kikohozi hicho asikichezee. Na shangazi Nabintu, yule anayekaa mlangoni akimuuliza kila mpita njia anatoka wapi, mwambie mimi natoka Louisville na sijambo.

Sisi huku tuko wazima. Kazi ipo, mgongo unalalamika, Mungu anasaidia. Nakuandikia kwa mkono wangu, na unajua mkono huu haukukaa sana shuleni. Ukiona herufi imelala, isimamishe wewe. Sikutaka simu. Simu yenu mnaiweka sauti ya juu na ua zima linasikia, na neno hili ni la masikio yako tu.

Yaya, niko na wivu. Nimeuombea, nimefunga kula, nimekula tena, bado uko palepale.

Unamjua mama wa Buffalo, yule aliyemzaa mkwe wetu. Jina la mkwe siliandiki, hata kalamu yangu inamheshimu. Mama yake anafanya kazi kiwandani kule Tonawanda, jirani na Buffalo, na mwaka huu anatimiza sitini. Bon, mwezi uliopita Riziki wangu akanipigia kutoka Columbus.

"Maman, tunaenda vakansi."

"Likizo ya wapi, mwanangu?"

Akasema Puerto Rico. Ni kisiwa cha joto, kiko mbali sana baharini, lakini kiko chini ya Amerika, hakidai pasipoti. Wanakwenda yeye, mumewe, mtoto wao Neema, na mama wa Buffalo, kumfurahisha kwa miaka yake. "Maman, unaweza kutushonea vikwembe vyepesi? Na cha mama mkwe wangu pia?"

Nikasema ndiyo, mwanangu, ndiyo kabisa. Simu ilipokatika nikasugua sufuria moja mpaka ikabaki kidogo itoboke. Donc yeye anakwenda kula bahari, na mimi nimshonee nguo ya kuilia.

Nilikwenda duka la vitenge hapa South End. Niliona pamba moja nyepesi, rangi ya majani mabichi, nikaishika, nikairudisha. Niliwaza, kwa nini ang'ae namna hiyo? Halafu nikaichukua. Sikutaka watu waseme Mama Riziki ana mkono mbaya.

Jumamosi wakaja wote kwa gari kutoka Columbus, mama wa Buffalo naye ndani, aje apimwe. Mimi nilikuwa nimekwisha kumfungia Riziki valizi, kama mama. Nilitia sweta nne, kwa sababu ndege ina baridi. Nilitia blanketi la mtoto, chandarua, dagaa wa kukaanga, na vitenge viwili vya wenyeji watakaowapokea. Riziki akaanza kutoa kimoja kimoja na kuvitupa kitandani.

"Maman, vitenge hivi vya nani?"

"Vya wenye nyumba. Unaingia kwa watu mikono mitupu?"

"Nyumba tunapanga. Tunalipa."

"Ukimlipa, huyo si mtu tena?"

Mama wa Buffalo alicheka mpaka akakaa. "Mama Riziki, wewe unafunga mzigo wa kukimbia vita."

"Na wewe ulikimbia na nini? Na kofia?" Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa amevaa kofia yake mpya ndani ya nyumba, pana kama ungo. Hakukasirika. Yule mwanamke hakasiriki, na hilo nalo linanichosha.

Akafungua mfuko wake atuonyeshe. Miwani myeusi. Sandali za mpira. Gauni mbili zisizo na mikono. Mafuta meupe ya kupaka jua lisikuunguze. Nikamwambia sisi tumeungua tangu kuzaliwa, akasema daktari wake amemwambia hata sisi tunaungua. Mwisho akatoa nguo ya kuogelea, nyeusi, yenye kisketi kifupi kama cha mtoto wa shule ya awali.

Yaya, nguo hizo nazijua. Kazini kwetu, kwenye ghala, tunakunja nguo ambazo watu wamenunua wakazirudisha, na majira haya ni za kuogelea tu. Siku ya kwanza nilizipanga kwenye boksi la nguo za watoto, na mkubwa wetu wa kazi alicheka mpaka akatoka nje. Lakini sijawahi kuiona moja mkononi mwa shemasi wa kanisa kama yeye.

"Utavaa hiyo mbele ya nani?" nikamuuliza.

"Mbele ya mwanangu. Yeye si alitoka humu?" Akajipiga tumboni. "Atashtuka nini?"

Hapo ndipo wivu uliponishika. Si nguo, yaya. Aliyezaa mvulana anakaa mchangani na mwanawe, miguu wazi, na hakuna wa kumwambia kitu. Mimi niliyezaa msichana, mume wake akiingia mlango huu, mimi ninatokea ule. Tangu waoane sijala sahani moja naye, sijaketi kiti kinachomwelekea. Nimefanya vile ulivyonifundisha, na sijuti. Ila siku ile nilikaa jikoni na wali wangu, nikamsikia yule mwanamke sebuleni akichukua nyama kwenye sahani ya mwanawe na kusema, "Hii ya kwangu, wewe umenenepa." Wakacheka wote. Riziki wangu pia alicheka, kwa kile kicheko chake cha utoto.

Neema akaja jikoni na kijiko. Sasa ana miaka mitatu, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Unajua ananiitaje? Koko Kicheni. Yaani bibi wa jikoni. Yule mwingine anaitwa Koko, basi. Riziki akamkaripia, mimi nikasema mwache, mtoto anasema alichokiona. Lakini sikumaliza wali.

Baadaye kidogo nikasikia hatua za mkwe zikisimama nyuma ya mlango wa jikoni. Riziki alikuwa anaosha vyombo karibu nami.

"Riziki," akasema, "mwambie Maman nafasi ipo. Kitanda cha Neema ni kikubwa, wanatosha wawili."

Nikamwambia Riziki, "Mwambie nimesikia."

"Mwambie, najua kule kambini sikumletea kitenge wala mbuzi wa kuondoa haya. Kule Columbus nikimpakia mbuzi kwenye gari, polisi watanisimamisha. Lakini kitenge nimeleta."

"Mwambie ninamshukuru. Mwambie pia aufunge mlango, unaingiza upepo."

"Ninyi mmenifanya mimi simu," Riziki akasema, akatupa sifongo majini. Halafu akageuka kwangu, macho yamejaa. "Maman, sikukualika mwanzo kwa sababu wewe unajificha. Kule ni chumba kimoja cha kulia na bahari mbele. Utajificha wapi? Nikuchukue ukakae bafuni?"

Nikaiokota sifongo, nikamalizia vyombo. Walipoondoka nilikikuta kitenge juu ya kiti, cha manjano, kizito kidogo, cha heshima. Sijakikata. Wewe unajua, kikikatwa kimepokelewa, na mimi siwezi kukipokea peke yangu. Wewe ndiwe mkubwa wetu. Wewe ndiwe uliyepaswa kukaa na upande wao na kusema haya, imetosha, mama mkwe na ale na mkwe wake. Siku ya arusi yao sisi tulikuwa kambi ya wakimbizi na wewe ulibaki Uvira, basi halikusemwa na mtu. Mchungaji wetu hapa anasema mambo hayo yameisha, niende tu nikapumzike. Mchungaji ni kijana, na mama mkwe wake yuko Goma.

Nguo nimeziwaza zote, usinione nimepotea. Nitashona gauni refu lenye mikono, la pamba inayokauka mbio. Ndani yake suruali, upepo wa bahari usije ukaniaibisha. Kitambaa kichwani, kimefungwa sana. Sweta moja ya ndege, hiyo Riziki amekubali. Nguo ya kuogelea hapana, hata wakinipa bure. Majini nitaingiza miguu tu. Nimejaribu mbele ya kioo, nimeshika gauni kama mtu anayevuka kijito, kinachoonekana ni kifundo cha mguu. Yaya, mbele ya mkwe, kifundo ni kosa? Kule kambini nilikuwa ninalima, naye akipita njiani, na kifundo kilikuwa nje.

Usiku ninamwona mama wa Buffalo amemshika Neema mkono. Wimbi linakuja, mtoto anaogopa, anaita Koko. Na anayeitika ni yule.

Mkwe atakata tiketi kabla ya mwezi kuisha. Zungumza na mama, mkae wenyewe bila ua zima, na kaka Byamungu awe shahidi. Mkimtaka mbuzi, mkwe yuko tayari mchinjiwe huko huko, mle ninyi kwa niaba yangu. Huyu mama wa kanisa anayekuletea barua nimempa pia sweta tatu alizozikataa Riziki, ya kijani ni ya mama, ya shangazi Nabintu ni ile yenye vifungo vikubwa, nawe chukua inayobaki. Wasalimie majirani wote wa upande wa kisima, na mama mchungaji, na yule fundi aliyenifundisha kushika mkasi.

Jibu mbio, yaya, kwa simu, hata neno moja. Likiwa ndiyo, sema ndiyo tu, ua zima lisikie, sijali. Likiwa hapana, niambie wewe mwenyewe kwa sauti yako, usimtume mtu, nami nitamwambia Riziki kwamba kazini wamenikatalia likizo. Atasikitika kidogo, halafu atakwenda.

Lakini jitahidi liwe ndiyo.

Mimi mdogo wako,
Mama Riziki