Lugha Niliyoijua Peke Yangu

Kambi Muru, Kibera
Jumapili jioni

Kwako mdogo wangu Okoth,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Baba, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na leo sitakuficha.

Najua umekasirika. Miti umekata tangu mvua iliyopita, mchwa wanaila, na wakwe zako wanauliza binti yao atalala wapi. Mkubwa ni mimi, na kabla nyumba yangu haijasimama katika boma la Baba, yako huwezi kuianza. Ngoja nikueleze kilichonizuia.

Kompyuta huandikiwa kazi kwa lugha zake, na ofisini kwetu wote wanatumia Cobol. Mwaka juzi nilipopewa kazi ya kuandika programu ya duka moja la vipuri, nilichagua Pascal niliyofundishwa chuoni. Ni lugha safi, Okoth, sentensi zake fupi, kosa unaliona mapema. Hilo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba hapakuwa na mwingine aliyeijua, nikajiona mtu wa maana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kila nikiomba likizo, mkubwa wangu wa kazi hunijibu vilevile: "Ouma, mashine ikikwama na wewe uko ushago huko kwenu, nitaita nani? Si ni wewe ulituletea hii Pascal yako?"

Basi nikatafuta wa kumfundisha. Njeri, tunayekaa naye meza moja kazini, alikubali. Anaishi Kawangware, kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa natembea hadi kwao, viatu vizito kwa matope, tunatandaza karatasi za ile programu kwenye meza ya hoteli ya mamake. Siku ya kwanza alisoma kurasa tatu, akaniangalia.

"Ouma, hii kitu uliandikia nani? Hakuna mahali umeeleza chochote."

"Nilijua nitakuwa hapo."

"Haya, jifanye umeenda. Anza kueleza."

Niliona aibu. Miezi minne sasa tunaeleza mstari kwa mstari. Juzi mashine ilikwama, na Njeri akairekebisha peke yake kabla ya chai ya saa nne. Nilifurahi, kisha nikaenda kuomba likizo tena.

Siku hiyohiyo nikapewa likizo. Kata miti mingine. Nafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na umwambie Baba anichagulie mahali.

Nisalimie Mama, shangazi yetu anayeuza omena sokoni, na huyo mchumba wako. Mwambie amevumilia vya kutosha.

Hapa chini usimsomee Mama. Karatasi ya likizo ina tarehe ya kuondoka. Pale pa tarehe ya kurudi, mkubwa wangu hakuandika kitu. Nilipomuuliza alisema, "Wewe enda ujenge kwanza. Njeri yuko."

Kaka yako anayekuja kukufungulia njia,
Ouma