Kisu cha Mizani Kilichokuwa Ng'ambo

Mjukuu wangu Wandera,

Hapa Busia tumeamka. Babu yako bado anakohoa, ila jana alimaliza ugali wake. Shangazi yako amevuna mtama kule Kwapa.

Swali lako limeninyima raha. Unasema mizani ya malori hapo kiwandani kwenu haina kipuri hata kimoja, na mkubwa wako anasema vipuri viko Kampala, ni kupiga simu tu, ya nini kujaza stoo?

Sisi pia tulisema ni karibu. Nilipokuwa msichana nikipima mahindi kwenye ghala upande huu wa Uganda, mizani yetu ililalia kipande cha chuma chenye makali, tulichokiita kisu. Cha akiba kilikaa kwa fundi, upande wa Kenya. Kibanda chake tulikiona kutoka getini. Kwetu ng'ambo ilikuwa kama jikoni kwa jirani: unakwenda kuomba chumvi, unarudi.

Asubuhi moja kisu kikavunjika, na siku hiyohiyo mpaka ukafungwa. Wakulima wa Kwapa na Merikit walikuwa wamejaa uani, wingu limetanda, na gunia lisilopimwa haliingii ghalani. Tukamwita fundi kwa kelele. Akatoka, akakiinua kisu juu tukione. Kiling'aa! Askari wa mpakani akatikisa kichwa.

Mvua iliyofuata siisimulii.

Hata sasa nauona ule mkono umeinuliwa. Basi usiniambie kipuri kiko wapi, baba. Niambie, mkono wako unakifikia?

Nyanya yako, Nekesa