Rejeta ya Lori kwenye Pipa la Miwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Dar es Salaam. Jumatano, tarehe 12 Septemba 1934, saa nne asubuhi.
Jina: Candida binti Anaeli. Umri: miaka 36. Kazi: mpika pombe. Makazi: Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.

Nimeambiwa itakuwa heri kwangu nikiandikwa muuza ndizi. Sikubali. Ninapika pombe ya moshi kwa miwa, na najua serikali imeikataza. Andika hivyohivyo, Koplo.

Marehemu Onesphory alikuwa mume wangu, hamali wa bandarini. Theophil ni mdogo wake. Ndiye aliyekuja hapa jana kusema nimemtilia ndugu yake sumu.

Kazi hii nimeifanya miaka tisa. Maji ya miwa yakichachuka nayatia kwenye pipa, nawasha moto. Mvuke unapita kwenye mrija wa shaba uliozamishwa ndani ya maji baridi, unatoka matone. Kikombe cha kwanza namwaga, maana kinanuka vikali na kinapasua kichwa. Ya mwisho pia namwaga. Nauza ya katikati. Kwa miaka tisa wateja wangu walilewa tu, hakuna aliyeugua.

Mnamo mwezi Machi nilikwenda kwetu Kibosho kumuuguza mama. Pipa nikamwachia Theophil. Nilirudi Jumamosi, tarehe 2 Juni, nikakuta mrija wangu haupo, na mahali pake pamefungwa rejeta ya lori. Nikamwuliza, "Shaba yangu iko wapi?" Akasema, "Imeibwa, shemeji. Lakini hii inapoza haraka kuliko ile, utaona mwenyewe."

Niliona. Ilipoza haraka. Nikaiacha. Hilo nalo liandike.

Wiki ileile nilionja kwa ncha ya ulimi, nikatema. Ilikuwa na utamu. Nikamwambia Theophil, "Sukari haipandi na mvuke, inabaki chini ya pipa. Utamu huu umetoka wapi?" Akacheka. "Wateja wanaupenda, wewe unagomba." Kweli waliupenda. Onesphory aliupenda kuliko wote. Alikunywa kila jioni akitoka bandarini.

Tangu Mei tumbo lilikuwa linamsokota. Julai akawa hapati choo siku nne, tano. Agosti viganja vyake vikaanza kuning'inia, hawezi kuvinyanyua, na nyapara akamfukuza kazi. Majirani wakasema amerogwa. Theophil akasema ni mimi. Aliyasema hayo mbele yangu, nikiwa namlisha kaka yake uji.

Alhamisi, tarehe 6 Septemba, saa mbili asubuhi, nilimpeleka hospitali. Daktari alimvuta mdomo wa chini, akanionyesha mstari wa buluu ukingoni mwa ufizi. Akasema, "Huyu ana risasi mwilini." Nikamjibu kwamba hajapigwa na mtu. Akasema, "Si ya bunduki, mama. Ni madini, yale wanayolehemea mabati. Ameyala au ameyanywa."

Hapo nikajua. Rejeta imelehemewa kwa risasi kila mahali. Pombe inapita humo ikiwa ya moto, na iliyochacha mno ina ukali wa siki. Inailamba ile risasi na kushuka nayo kwenye chupa; ndio ule utamu.

Siku hiyohiyo nilimwaga yote isipokuwa chupa moja. Jumamosi asubuhi Onesphory alianza kukakamaa na kutetemeka mwili mzima. Saa tatu akafariki.

Jana, saa sita mchana, nilikwenda kwa Theophil, Jangwani, kumwambia maneno ya daktari. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na pipa dogo motoni. Mrija wake ulikuwa wangu wa shaba, una pindo nililolikunja mwenyewe kwa goti. Nikauliza, "Hii mnamuuzia nani?" Mkewe akajibu, "Haiuzwi, dada. Ni ya kwetu wenyewe." Theophil akamkaripia anyamaze.

Nikamimina kikombe kutoka kwenye ile chupa yangu, niliyokwenda nayo, nikakiweka chini mbele yake. Nikamwambia, "Kunywa." Akasema hana kiu. Nikasema, "Kaka yako amekunywa hii miezi mitano. Wewe kunywa kikombe kimoja." Akakipiga teke, akatoka. Nasikia alikuja moja kwa moja hapa.

Umeniuliza mara tatu kama nilikuwa na ugomvi na mume wangu. Sikuwa nao. Kamuulize Theophil kwa nini shaba ilikwenda kwake na rejeta ikaja kwangu. Kama alitaka kumuua kaka yake, au alijua tu kuwa kitu kile ni kibaya akaona bora wanywe wengine, mimi sijui. Kwangu ni mamoja.

Leo asubuhi nimeibeba rejeta kichwani, nimekatiza Mnazi Mmoja watu wakinitazama. Ipo hapo mlangoni. Ipasueni, mtakuta unga mweupe kwenye maungio.

Nimesomewa haya yote na ndivyo nilivyosema. Sina la kufuta.

(Sahihi) Candida Anaeli

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Abbasi. Nimepokea rejeta moja na chupa moja yenye pombe. Askari waliotumwa Jangwani wamekuta moto bado unawaka, mrija umeng'olewa, na Theophil hayupo. Anatafutwa. Shahidi amewekwa mahabusu kwa kosa la kupika pombe iliyokatazwa. Nilimwuliza ni nani wa kwake apelekewe habari. Alisema huyo alizikwa Jumatatu.