Maombi ya Bosi Jikoni

Jumanne, Embu

Nimekasirika hadi chai imenishinda.

Jana Wanja, mpishi mwenzangu, aliteleza jikoni akiwa amebeba sufuria ya supu. Mkono wote ukaungua. Tangu Krismasi tunamwambia bosi atununulie viatu visivyoteleza, kwa sababu sakafu ina mafuta kila saa na sisi tunavaa slipa.

Leo, kabla hatujafungua hoteli, akatukusanya jikoni. Nikadhani ameleta viatu. Kumbe ni maombi. “Baba, shikilia miguu ya hawa watumishi wako.”

Nikafungua macho. Bosi, mtu wa viatu vya ngozi kila siku, alikuwa ameingia na gambuti zake za shamba, zile za soli yenye meno.

Kwa hivyo anajua.

Na mimi nikasema amina.