Aliyeganda Haguswi

Tandale, Dar es Salaam
Jumapili, 14 Machi 1999

Kwa kaka yangu Yazid,

Assalaam alaykum, kisha shikamoo, maana nakujua, ukikosa moja utaidai. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile jino umelipeleka kwa daktari badala ya kulitia karafuu kila siku kama Bibi. Sisi huku wazima. Baba magoti yanamsumbua tangu mvua zianze, na duka limejaa magunia mpaka yeye mwenyewe hana pa kukaa. Bibi Wahiba anakusalimu sana, anauliza kama huko Tanga kuna mtu wa kukupikia au unaishi kwa machungwa tu. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo haitulii. Barua hii nimeianza mara nne na mara nne nimeichana, mpaka Baba akaniuliza kama naandika barua au natengeneza karatasi za kufungia karanga.

Uliniomba habari za chumba cha kompyuta. Nitakupa, lakini kubwa lililopo ni la Farhan, na lazima ulijue kabla hujaja kwa Idi Kubwa. Wenzetu wote wanakusubiri wewe useme kama Farhan aondolewe kabisa au asamehewe. Wameshakubaliana kwamba kwa kuwa mji ule wa mchezo, wa maneno matupu kwenye kioo, uliuleta wewe kwenye disketi, na adabu zake ulitufundisha wewe, basi neno la mwisho ni lako.

Naona unavyokunja uso. Farhan yupi? Farhan huyo huyo uliyemwachia darasa la asubuhi la kupiga chapa, asiyeweza kupita mbele ya mtu bila kusema samahani mara mbili. Ngoja nikueleze taratibu.

Chumba kiko vile vile, nyuma ya duka. Asubuhi wanafunzi, na saa kumi alasiri tunafunga mlango wa mbele tunaingia mjini. Jumbe, ile mashine kubwa, bado iko dirishani na ile feni uliyoifungia kwa kamba, bado imebeba mji mzima tumboni, na zile nne ndogo zimeungwa nayo kwa waya zako. Mimi ndiye ninayekaa kwa Jumbe tangu ulipoondoka, mgongo kwa watu, uso kwa dirisha. Mashine namba tatu inaganda kama ulivyoiacha. Siku nyingine inaganda mara mbili kabla mtu hajamaliza kusalimia.

Baada yako tulipata mgeni, dada mmoja wa Bukoba anaitwa Kokushubila, karani, anakaa Kinondoni kwa shangazi yake. Siku ya kwanza aliingia mjini bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye kiwanja cha Mzee Mwinshehe akaanza kukata mti. Unamjua Mzee Mwinshehe, miaka thelathini kwenye mitambo ya simu, hapendi mtu aingie kwenye laini yake ovyo. Alivua miwani akamgeukia pale pale kitini, akamwambia kwamba huku mtu akiingia anasalimia na kusubiri aitikiwe, akifika kwa mtu anapiga hodi mara tatu, na asipojibiwa anarudi alikotoka. Kokushubila akaomba aoneshwe karatasi yenye hizo sheria. Tulicheka mpaka Baba akaja kuchungulia. Hakuna karatasi, tukamwambia, utazijua tu. Na kweli alizijua, tena akatupita wote. Akaanza kukusanya mbao na mawe, kila siku kidogo kidogo, akasema anataka kujenga nyumba ya wageni, ili mtu mpya akiingia asilale nje na fisi kama alivyolala yeye. Ghala lake likajaa. Hata mimi nilimpenda.

Sasa lililotokea. Alhamisi ya tarehe kumi na nane Februari Kokushubila alikuwa amekaa namba tatu, na namba tatu ikaganda. Akapaza sauti kwamba ameganda. Tukafanya kama ulivyotuzoesha, kila mtu akainua mikono juu ya kibodi, akaiweka mapajani. Aliyekuwa karibu naye mjini alikuwa Farhan, kwa hiyo yeye peke yake akabaki na kibodi, akaenda kusimama pembeni yake na mkuki ili fisi wasimle wakati hana fahamu. Mashine ikazimwa, ikawashwa, ikachukua dakika zake kumi. Kokushubila aliporudi mjini alikuwa mzima, hana mkwaruzo. Akamshukuru Farhan, akaenda ghalani kwake, akakuta tupu. Mbao zote, mawe yote, hata chokaa. Miezi miwili ya jioni zake.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa upole, nani aliyekuwa na mikono kwenye kibodi. Na sote tukamtazama Farhan.

Alikana. Akaapa kwamba hakutoka pale aliposimama. Akafungua ghala lake akatuonesha, hamna kitu, lakini Mzee Mwinshehe akasema mwizi gani anayeweka mali mlangoni. Akasema pia kwamba kuiba ni jambo moja, ila kumwibia mtu aliyeganda, tena umepewa umlinde, hilo halina jina. Wakakubaliana Farhan anyimwe salamu mpaka wewe uje.

Yazid, mimi nilidhani ni mambo ya mle ndani tu. Jioni ya pili Farhan akaingia mjini, akaandika assalaam alaykum, ikakaa pale kwenye kioo peke yake, hakuna aliyejibu. Kwa mujibu wa adabu zetu huwezi kupiga hatua kabla hujaitikiwa, basi akakaa pale mlangoni mwa mji mpaka saa kumi na mbili, hata sentensi ya pili hakuandika. Kesho yake vile vile. Siku ya nne jambo likatoka nje ya chumba. Wanafunzi wa asubuhi walisikia, hawakujua vizuri ni wizi wa nini, wakajua tu wizi. Mama mmoja akamwondoa binti yake darasani. Baba, ambaye hata hajui mji wetu ni kitu gani, alisikia neno wizi na neno ghala kwenye sentensi moja akaenda kuhesabu magunia yake. Halafu akamwambia Farhan apumzike kidogo kufundisha. Ijumaa moja nilimwona anatoka msikitini, akamsalimia Mzee Mwinshehe, na Mzee Mwinshehe, mtu anayeitikia salamu hata ya mtoto wa chekechea, akageuka kutafuta kiatu ambacho tayari alikuwa amekivaa.

Mimi tangu hapo sikai. Nikipika nachoma, nikifua nasahau nguo kwenye beseni mpaka zinanuka. Bibi anasema nimetupiwa kijicho, anifukizie ubani. Nimemwacha afukize.

Wiki iliyopita, siku ya Jumatano, Kokushubila alifungua ghala lake akakuta mbao zake zimerudi. Mawe yamerudi, chokaa imerudi, zote. Ungedhani hapo mambo yangekwisha. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini wakasema, umeona, dhamiri imemsuta. Mzee Mwinshehe akasema sasa hakuna haja ya shahidi, mtu asiyeiba anarudisha nini? Kokushubila mwenyewe alilia, akasema laiti angeomba angempa. Na mtu mmoja, sitamtaja, akaenda kumwambia Farhan kwamba amefanya vizuri kurudisha.

Juzi Farhan alikuja hapa nyumbani. Hakuingia. Alibisha hodi barazani, akaniambia kwamba Jumatatu asubuhi anapanda basi la kuja huko Tanga kwa mjomba wake, na pengine hatarudi Dar. Akasema alivumilia kuitwa mwizi, kwa kuwa alijua ipo siku ukweli utajitokeza, lakini kupongezwa kwa kurudisha kitu ambacho hakukichukua, hapo nguvu zimemwisha. Kisha akaniuliza kama nina barua ya kukuletea, atakufikishia. Yaani mtu ameporwa heshima yake mtaani kwetu, bado anafikiria kunipunguzia gharama ya stempu. Nikamwambia ninayo, bado sijaimalizia. Akasema atasubiri.

Kaka, mikono ya Farhan haikuwa peke yake kwenye kibodi.

Wewe ndiye uliyetuwekea kwamba anayekaa kwa Jumbe haachi kibodi hata siku mtu akiganda, kwa kuwa ndiye anayeifungulia mashine yake irudi. Hilo tumelizoea mpaka hakuna anayelikumbuka. Mtu wa Jumbe hashukiwi. Walikuwa wote nyuma yangu wameweka mikono mapajani, na mimi nimewapa mgongo, na kwa jina lako, Yazid, kwa lile neno la siri uliloniachia ili niitunze nyumba yako, niliingia kwenye ghala la Kokushubila bila hodi hata moja nikabeba kila kilichokuwamo. Mwizi ni mimi. Aliyeonekana na Jumbe akiiba ni wewe.

Utauliza kwa nini. Kwa sababu nyumba yako ya mle mjini haikuwapo tena. Nilikuandikia mara tatu kwamba naifagia kila jioni, na mara zote tatu nilikudanganya. Ilianguka mwezi Desemba, kama inavyoanguka mle mjini kila nyumba isiyofagiliwa. Uliijenga kwa maneno ukaweka ndani yake chumba cha marehemu Mama. Ukaandika kile kitanda cha besera chenye nguzo nne, na ile khanga ya kijani iliyotundikwa msumarini, na harufu ya udi, na jinsi alivyokuwa akikohoa kidogo kabla ya kusema jambo la maana. Ili kufagia nilitakiwa nipite mle chumbani, na kila nikipita maneno yale yananitokea kwenye kioo upya. Wewe uliyaandika ukaenda zako Tanga. Mimi niliachiwa niyasome kila siku saa kumi, mbele ya watu, nisilie. Nikaona ni heri nisiingie leo, nitaingia kesho. Siku niliyothubutu kuingia sikukuta nyumba, nilikuta nyasi. Na maneno yako hayakuwa yameandikwa popote pengine.

Halafu ile Alhamisi asubuhi ikaja barua yako kwamba unakuja Idi, na kwamba kitu cha kwanza ukifika, hata kabla ya kula, utataka kukaa kidogo chumbani kwa Mama. Nilipagawa. Nilihitaji mbao, na saa kumi na nusu namba tatu ikaganda. Sikupanga, wallahi. Ila sikusita pia.

Nilijenga kwa siku sita. Chumba niliandika mimi, kwa ninavyokumbuka, na nimegundua sikumbuki kama wewe. Khanga yangu ni nyekundu. Jumatano niliibomoa yote nikarudisha kila ubao kwa Kokushubila, kwa siri, nikidhani nikirudisha kimyakimya nitakuwa nimelipa na hakuna atakayejua. Badala yake nikammalizia Farhan. Ndipo nilipoelewa kwamba hili halirudishwi kwa mbao.

Kwa hiyo usije kuamua chochote, kaka. Hakuna kesi ya Farhan. Kesho saa kumi nitawaambia wote, na sitawaambia kwa kuandika mjini, nitasimama chumbani niwageukie nao waone uso wangu. Baba nimemwambia usiku huu kabla sijaandika ukurasa huu wa mwisho. Ameuliza kwao yule mwanafunzi aliyeondolewa ni wapi, akaenda kutafuta kofia yake. Wakininyima salamu, nitakaa mlangoni mwa mji kama alivyokaa yeye. Ukikasirika kwa ajili ya Farhan, una haki. Ukikasirika kwa ajili ya chumba, nami nimekikasirikia mwenyewe.

Bibi anakusalimu tena, anasema uje na dagaa. Baba anakusalimu. Mzee Mwinshehe na Kokushubila wanakusalimu pia, ingawa walinituma salamu hizo kabla hawajajua wanamtuma nani. Mungu akuweke.

Jambo moja la mwisho. Juu ya bahasha hutaona jina lako. Nimeandika la Farhan, kwa sababu namjua, ingekuwa na jina lako angeifikisha Tanga bila hata kuigeuza upande wa pili. Kesho asubuhi nitampelekea kituoni mwenyewe. Nitamsalimia kwanza. Itakuwa siku ya ishirini na tano tangu alipoandika salamu yake ya kwanza isiyojibiwa, na miongoni mwa walionyamaza nilikuwamo mimi niliyejua. Nitamwomba aisome pale pale, yote, kabla basi halijaondoka, nami nitasimama mbele yake mpaka amalize. Barua hii ikikufikia, basi ameamua kuileta. Ukiona ameileta, usimuulize kama aliniitikia.

Mdogo wako,
Alya