Chenji ni ya Nani?

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi pokea salamu tu. Nakuja kwako kuomba msaada kwa sababu nyumbani kwetu pesa zimeharibika, na aliyeziharibu hana hatia, au anayo, hapo ndipo nilipokwama.

Mimi ni fundi cherehani, natumia kiti cha magurudumu, na naishi na wenzangu wawili katika nyumba ya kupanga iliyopanuliwa milango kwa ajili yangu. Mmoja ni fundi redio, tunamwita Fundi, haoni, na mdomo wake hauna breki. Wa pili tunamwita Meneja kwa sababu anaosha magari akiwa amevaa tai. Ana miaka thelathini na ushei, mambo huyashika polepole, lakini akishayashika hayamtoki. Dada msaidizi huja asubuhi na jioni kutusaidia tunaposhindwa, ila pesa za nyumba tunaziendesha wenyewe, kila mmoja anachangia sawa mwisho wa mwezi, na mimi nilichaguliwa mhazini kwa sababu eti nina roho ngumu.

Kwenda dukani ni kazi ya Meneja, anaipenda kuliko kula, lakini siku hizi pesa ya chakula inakata kabla mwezi haujafika katikati, nikahesabu, nikarudia, nikamshuku mwenye duka, nikamshuku Fundi, hata dada msaidizi wa watu nikamtupia jicho baya, Mungu anisamehe, kumbe Meneja akitumwa mkate kwa noti kubwa analeta mkate, na chenji inaingia kwenye soksi yake. Nilipomuuliza hakushtuka hata kidogo.

"Chenji ni ya anayetumwa, dada. Mama alisema."

Na kweli marehemu mama yake alikuwa akimwachia chenji ya peremende tangu utotoni. Sasa amekuwa mjanja, ukimpa noti ndogo anaigeuzageuza, anakuuliza, "Hamna kubwa?"

Tena kuna soda. Kila Jumamosi anasimama mlangoni na tai yake, anatangaza, "Leo natoa mimi!" na sisi tunapiga makofi, tunamsifu kwa ukarimu, kumbe tunajinunulia wenyewe. Fundi alipojua alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani miezi yote hii namwita bwana mkubwa kwa hela yangu mwenyewe!"

Mimi sicheki, kwa sababu dada yake Meneja anakuja Jumapili. Huyo tangu mwanzo hakutaka mdogo wake aishi nasi, alisema hawezi kushika pesa, na akisikia habari hii atamhamishia kwake, mshahara aushike yeye, na Meneja hataki, amesema mara nyingi hapa ndipo kwake. Basi nimeona njia moja tu, nimwambie Meneja duka limefungwa, dada msaidizi awe ndiye anayenunua, na mshahara wote wa Meneja niushike mimi, ili dada yake akifika nimwambie kila kitu kiko salama. Dada msaidizi anasema uamuzi ni wetu. Fundi anasema nataka kuwa serikali. Meneja mwenyewe sijamwambia, nisije nikamuumiza. Je, nakosea?

Mhazini Mwenye Roho Ngumu

*

Mhazini,

Nimecheka pamoja na Fundi, halafu nikafika kwenye hiyo njia yako moja tu, kicheko kikakatika.

Pole kwa kuhesabu na kurudia. Kuendesha mfuko wa watu watatu si mchezo, na umeubeba vizuri. Lakini tuambiane ukweli. Umeongea na Fundi, umeongea na dada msaidizi, umeniandikia mimi nisiyejua hata mlango wenu uko upande gani. Mwenye mshahara hujamwambia! Wewe ukienda kununua vitambaa, muuzaji akamgeukia anayekusukuma na kumuuliza, "Anataka rangi gani huyu?" unajisikiaje? Najua, damu inachemka. Sasa wewe unataka kumfanyia Meneja vivyo hivyo, tena ndani ya nyumba anayoilipia kodi.

Mwizi gani anamnunulia soda aliyemwibia? Meneja alifundishwa neno moja akiwa mtoto, na hakuna aliyejisumbua kumwambia kwamba chenji ya mama ilikuwa zawadi, na chenji ya nyumba ni chakula cha watu watatu, yeye akiwemo. Umeandika mwenyewe kwamba akishashika jambo halimtoki. Mshikishe, basi.

Ule uongo wa duka kufungwa uache. Atapita, ataliona liko wazi, na hatakuamini tena. Kaeni mezani wote watatu kabla ya Jumapili, na uweke pesa halisi mbele yake, maana hotuba yako haitamsaidia. Mwambie, noti imetoka kwenye mfuko wetu, mkate ni huu, iliyobaki inarudi mfukoni, na isiporudi tutalala njaa, na wewe pia. Mpe pochi ya nyumba, mbali na yake, chenji ikae humo. Akikosea, mrudishe mezani muanze tena. Mkiona anayetumwa anastahili kitu kidogo, kipangeni wazi, na siku Fundi akienda apate na yeye. Iliyobaki kwenye soksi mwombe airudishe. Za nyuma msimdai, soda mlikunywa na makofi mlipiga.

Mshahara wake usiuguse. Wewe ni mhazini wa michango, umefika hapo, simama hapo. Akitaka msaada wa kuupanga ataomba, na atachagua mwenyewe wa kumsaidia.

Na dada yake msimfiche, kwani akija kugundua mwenyewe mtakuwa mmempa sababu ya kumfungashia Meneja mizigo. Mweleze Meneja kwamba dada yake atauliza, kisha mwache ajibu yeye. Atachukua muda mrefu, pengine atakwama katikati, na ulimi utakuwasha kummalizia sentensi. Ung'ate, dada, mpaka amalize mwenyewe.