Sifuri Isiyotajwa

Mjukuu wangu Nakiete,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mhezi hatujambo. Tangawizi imeota na goti la Bibi yako limetulia.

Unasema programu yako inageuza namba kuwa maneno ya Kiingereza. Kwa kuwa katika 105 sifuri haitajwi, uliifuta, programu ikaandika "fifteen", kumi na tano. Sasa unauliza: kitu kisichotajwa kina kazi gani?

Kompyuta siijui. Najua ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Ujanani niliita zamu za maji, kila nyumba na kijiti chake kwenye mstari. Mama Nakijwa alipokwenda Kihurio kumuuguza dada yake, niliking'oa chake, nikasogeza vingine. Akarudi siku ya zamu yake, akakuta maji yamekwenda kwa jirani na maharage yake yamesinyaa. Mzee wa ndiva alinifokea: "Ukifika kwenye kijiti chake unanyamaza tu! Nani alikwambia ung'oe?"

Jaribu hivyo kwa sifuri yako, kisha uniandikie. Nataka sana kujua programu imesemaje.

Tangu uondoke hapa tumebaki watatu, lakini Bibi yako bado anapika makande ya watu wanne.

Babu yako